Naomba ushauri: minyoo wa wangwa wamepungua, chumvi au hewa?

Habarini wakuu. Nasoma biolojia hapa Dodoma, mradi wangu ni wa minyoo na konokono wa kwenye tope la wangwa (uwanda wa tope la chumvi unaofikiwa na maji ya bahari), pwani ya Bagamoyo. Mwezi Mei minyoo walikuwa tele. Septemba jua limekausha maji, chumvi imepita gramu 60 kwa lita (bahari ni kama 35), konokono wapo, minyoo karibu hamna. Ila tope nalo limekuwa jeusi, linanuka yai viza, maana yake oksijeni imekwisha.

Kosa langu: Mei nilitumia chekecheke la nusu milimita, Septemba la milimita 1, kwa hiyo minyoo wadogo huenda walipita kwenye matundu. Nauli ya kurudi sina.

Je, nikichekecha upya sampuli za Mei kwa milimita 1, ulinganisho utakubalika? Na nitatenganishaje athari ya chumvi na ya kukosa oksijeni?