Tupeane uzoefu: pampasi na waipsi, au winda na tambara la khanga?

Mama wa Jang'ombe
Assalaam alaykum. Mvua ya juzi imenifungua mdomo. Maji yaliyoingia uani kwetu yalikuja na pampasi za watu, zimefura kama boflo lililoroa. Mifuko ya plastiki Zanzibar marufuku tokea 2006, haya mengine tunayaachia tu. Nimezichana khanga zangu kukuu, mtoto namtia winda mchana kutwa, pampasi usiku tu. Uji ukimwagika, tambara. Wenzangu mnafanyaje?

Umm Fuoni
Winda linataka maji, bibie. Kwetu mfereji unatoka usiku wa manane, ukilala umekosa. Nisuuze mavi kwa ndoo ileile ya kupikia?

Bint Wete
Kweli kabisa dada.

Mama Mkoani
Mie niacheni niseme. Nilikuwa natoka Unguja narudi Pemba na binti yangu mchanga, wakati wa kusi. Mkoba umejaa pampasi na waipsi. Tulipofika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kupanda na kushuka, mabaharia wanapita wanagawa mifuko ya kutapikia. Mtoto akatapika. Halafu akaharisha, ikapanda mgongoni, ikashuka kwenye baibui langu mpaka kwenye kiti. Waipsi nachomoa mojamoja, kila moja inazidi kupaka. Nikimvisha pampasi mpya anaichafua kabla sijafunga upande wa pili. Pakiti ikaisha. Bwana wa kiti cha mbele kavua kofia kajizibia pua. Nalia, na mie mwenyewe roho inanipanda.

Akaja bi mkubwa mmoja, simjui mpaka leo. Akafungua kifurushi akatoa doti ya khanga mpya, haijakatwa, bado ngumu ya dukani. Akaing'ata kwenye pindo, akaichana krrr mpaka mwisho. Kipande kimoja akakirowesha maji ya chupa, mtoto akatakata palepale. Cha pili akampiga winda. Cha tatu akanifuta mie kifuani. "Usilie mwanangu, mtoto hana haya." Tokea siku hiyo sipandi chombo bila ya khanga.

Bint Wete
Subhanallah. Nasoma machozi yananitoka. Doti mpya!

Umm Fuoni
Mungu amlipe. Ulipata kumrudishia?

Mama Mkoani
Nilimtafuta gatini, watu walikuwa wengi. Namuombea kila nikiiona khanga ile.

Baba Mkunazini
Allah amjaalie kheri. Ila jamani, waipsi hazitwaharishi. Ukishafuta najisi, pale pahala panataka maji. Mtoto wa kiume asiyekula kitu ila maziwa, hajafika miaka miwili, mkojo wake unarashiwa maji yakaenea, inatosha. Wa kike unaoshwa.

Umm Fuoni
Wewe ushawahi kufua winda, au kazi yako kutusomesha?

Baba Mkunazini
Nafua. Mke wangu anafanya zamu za usiku, asubuhi winda zote zangu. Na hayo ya mkojo ndiyo tuliyosomeshwa chuoni, sikuyatunga mimi.

Umm Fuoni
Basi samahani kaka. Ungekuwa jirani yangu ningekuletea za kwangu.

Muuguzi Mwanakwerekwe
Mnaofua, tafadhalini sana: msimimine dawa ya klorini juu ya winda zilizojaa mkojo. Mkojo una amonia, vikikutana inatoka hewa inayochoma macho na kifua. Suuzeni kwanza kwa maji matupu, mkojo utoke wote, ndiyo mambo mengine. Mtoto akitoka vipele, acheni waipsi za manukato, tumieni maji na kitambaa laini, na mumwache wazi apigwe upepo. Nyumba yenye mtu anayeharisha, winda zichemsheni. Na mikono muoshe kwa sabuni, hata anayetumia pampasi.

Kijana wa Chake
Na waipsi msizitupe chooni! Nyingi zina plastiki, haziozi. Karo letu lilipoziba tulitoa fungu zima, zimesokotana kamba.

Bint Wete
Masika je? Nguo haikauki, inanuka ukungu.

Mama wa Jang'ombe
Funga kamba jikoni.

Baba Mkunazini
Ziote moshi? Piga pasi.

Umm Fuoni
Umeme ukiwepo! Masika nunueni pampasi, yaishe.

Bint Wete
Na matambara ya kufutia urojo yanabaki manjano, nisugue na nini?

Mama Mkoani
Usisugue. Fua kawaida, lianike lingali bichi kwenye jua kali. Rangi ya manjano inakimbia jua.

Kijana wa Chake
Mpira wa kutandika juu ya godoro je, mnapata wapi? Midogo inapatikana dukani, mie nataka wa kitanda kizima.

Mama wa Jang'ombe
Darajani, maduka ya vitambaa, unakatiwa kwa mita. Chukua mzito, na juu yake tandika khanga, mtoto asilale kwenye jasho.