Kama chini ya Bonde la Ufa kuna plumu moja, mbona lava zake hazifanani?

dereva_wa_tsavo

Wadau habari zenu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, Tsavo Magharibi, Amboseli, saa zingine navuka mpaka naenda hadi Natron. Juzi nilikuwa na mzee mmoja mgeni tukasimama pale Shetani, ile lava nyeusi iliyomwagika karne ya 19, mzee akapiga magoti akatoa lenzi yake akaanza kuangalia jiwe kama mtu anasoma gazeti la udaku. Akaniambia chini ya Afrika Mashariki kuna mwamba moto unapanda kutoka chini sana, karibu na kiini cha dunia, anauita plumu, na ati wanajua hivyo kwa kupima kemia ya basalti, yaani lava nyeusi ikishaganda. Mimi nikatikisa kichwa kama naelewa, bakshishi ilikuwa bado haijatoka.

Sasa nauliza kwa wanaojua. Moja, jiwe linasemaje limetoka wapi? Na pili ndiyo inayonisumbua, kama plumu ni moja mbona Shetani ni jiwe jeusi la kawaida, volkano ya Lengai kule Tanzania inatoa kitu kama tope jeusi ambalo baadaye linageuka jeupe, na Nyiragongo ya Kongo lava yake inakimbia kama uji mwepesi? Mpishi mmoja hawezi kupika vyakula vitatu kwa sufuria moja.

nyundo_na_kokoto

Mkuu habari njema, na hiyo ya bakshishi tumekuelewa.

Kwanza hakuna mtu aliyewahi kuchimba akafika kwenye koti la dunia, lile tabaka nene la mwamba chini ya ganda. Shimo refu kuliko yote, lile la Warusi kule Kola, lilipita kilomita 12 kidogo tu, na hapa kwetu ganda peke yake ni kilomita 20 mpaka 40 hivi kutegemea upo wapi, Turkana ni jembamba, pembeni ni nene. Kwa hiyo magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ndiyo mjumbe pekee, inayeyuka huko chini inapanda inaganda, na jiwe likiganda linabaki na alama za safari yote. Shida ni kwamba alama zenyewe zimeandikwa juu ya nyingine, ndio maana watu wanabishana.

Fikiria nazi. Ukiikuna ukaikamua kidogo tu bila maji mengi unapata tui zito, mafuta yote yamo humo. Ukiongeza maji ukakamua tena unapata tui jepesi, na mwisho unabaki na machicha. Mwamba wa koti ni hivyo hivyo, hauyeyuki wote. Ukiyeyuka asilimia moja au mbili, zile elementi zisizopenda kukaa kwenye mawe magumu, potasiamu, niobiamu, uraniamu, lanthanamu, zote zinakimbilia kwenye magma, unapata tui zito. Ukiyeyuka asilimia kumi au zaidi unapata magma nyingi lakini iliyochujuka. Basalti za chini ya bahari zinatoka kwenye koti ambalo limeshakamuliwa zamani, yaani zimetengenezwa na machicha. Lava nyingi za Bonde la Ufa ni tui zito.

Halafu kuna kina. Ukishapita kina cha kilomita kama 80 hivi koti linakuwa na madini ya garneti, na garneti inang'ang'ania elementi nzito kama iterbiamu haiachii. Ukipima jiwe ukakuta lanthanamu nyingi na iterbiamu kidogo, unajua liliyeyukia mahali penye garneti, yaani chini sana. Lava za Chyulu, pamoja na hiyo Shetani yako, ziko hivyo, na kumbuka Chyulu ipo zaidi ya kilomita 100 mashariki ya bonde lenyewe, hakuna ufa wa maana pale, ila magma imepata njia tu.

Sasa kuhusu mpishi wako. Mpishi ni mmoja lakini sufuria ni tofauti, na sufuria zenyewe zina masizi ya miaka mingi. Plumu haitoki moja kwa moja hadi juu, inakutana na sakafu ya bara, ile sehemu ngumu ya koti iliyogandamana na ganda. Chini ya Tanzania kuna kratoni, mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mnene sana, na tumbo lake limepitiwa na majimaji na kabonidioksaidi kwa muda wote huo mpaka limejaa madini yenye maji na potasiamu. Plumu ikiipasha moto, hayo madini ndiyo yanayeyuka mapema. Pembezoni mwa kratoni ndiko unapata vituko vyote, Lengai upande wa mashariki, Virunga, kwenye hiyo Nyiragongo, upande wa magharibi.

Lengai hata si basalti, ile lava yake nyeusi ni kabonati za sodiamu na kalsiamu, silika (ile ya mchanga na kioo) karibu hakuna, na joto lake ni nyuzi 500 na kitu tu wakati basalti ni 1,100 na zaidi. Inageuka nyeupe kwa sababu inakunywa unyevu wa hewani. Wengi wanaona imejitenga na magma ya kawaida ya silika iliyojaa kabonidioksaidi, kama mafuta yanavyojitenga na maji kwenye mchuzi. Kwa hiyo Lengai inakuambia mengi kuhusu sakafu ya bara na machache kuhusu plumu.

mtoto_wa_goma

Miye ni wa Goma, hiyo ya uji mwepesi naijua kwa miguu yangu. Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena usiku, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, siku chache nyuma yake tukaambiwa tutoke, sisi na watoto na magodoro kichwani njia ya Sake. Sasa kitu nataka kuuliza, Nyamuragira iko jirani pale, kilomita kama 15, moto wake ni mwingi na unatoka mara nyingi zaidi, lakini lava yake si sawa na ya Nyiragongo. Kama tofauti ni sakafu ya bara, kilomita 15 inaweza kubadili sakafu?

nyundo_na_kokoto

@mtoto_wa_goma pole sana ndugu yangu kwa hayo mliyopitia.

Inaweza, ila zaidi ni kiasi cha kuyeyuka na kina. Nyiragongo silika yake ni chini ya asilimia 40, basalti ya kawaida ni 45 mpaka 52. Silika ndiyo inayofanya magma iwe nzito kama ugali, ikipungua inakuwa majimaji, ndiyo sababu mwaka 1977 ziwa la lava lilipopasuka lilimwagika kwa muda mfupi sana na watu hawakupata nafasi ya kukimbia. Silika ndogo namna hiyo ina maana kipande kidogo sana kimeyeyuka, kwenye kina kirefu, penye kabonidioksaidi nyingi. Tui zito kabisa. Nyamuragira imekamuliwa zaidi kidogo, ndiyo maana inatoa nyingi na mara kwa mara. Jirani lakini hawachoti kisima kimoja.

mchumi_wa_mawe

Samahani naingilia kama mtu wa nje. Huwa nasoma kwamba ushahidi mkubwa wa plumu ni heliamu. Sasa sisi Tanzania mwaka 2016 ilitangazwa kuna heliamu nyingi Rukwa, tukafurahi kweli kweli. Ina maana plumu imetokeza Rukwa? Au hii heliamu inapatikana kila sehemu na nyie mnachagua inayowafaa?

bibi_olivini

@mchumi_wa_mawe swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri, ngoja nilijibu mimi maana ndiyo kitu nilichofanyia kazi chuoni mpaka macho yakauma.

Heliamu ziko mbili. Heliamu-4 inazaliwa kila siku, uraniamu na thoriamu zikioza zinaitoa, kwa hiyo mwamba wowote wa zamani ni kiwanda. Heliamu-3 ni ya kurithi, dunia ilizaliwa nayo, na kwa vitendo haitengenezwi tena huko chini. Kwa hiyo tunachoangalia si wingi wa gesi, ni uwiano wa 3 kwa 4. Hewani kuna atomu moja ya heliamu-3 kwa kila atomu kama laki saba na elfu ishirini za heliamu-4, huo uwiano wa hewa tunauhesabu kama 1. Basalti za katikati ya bahari zinapata kama 8. Ganda la bara ni 0.02 hivi. Hawaii na Iceland wanapita 8 kwa mbali, na hapo ndipo watu wanasema kuna kitu kinatoka sehemu ya dunia ambayo haijakamuliwa sana na bado imebaki na gesi yake ya kuzaliwa.

Gesi ya Rukwa uwiano wake uko chini kabisa, ni ya ganda. Kratoni imekaa mabilioni ya miaka ikitengeneza heliamu-4 na kuifungia ndani, ufa ulipokuja na joto lake ukaifungulia mlango. Kwa biashara ni safi sana, kwa kutafuta plumu haisaidii. Na uzuri wake ni huu, ukitoka Rukwa ukaenda kusini kidogo ukafika Tukuyu, kwenye volkano za Rungwe, lava za pale zimepimwa na matokeo yakatoka 2011, uwiano unakaribia 15! Pua na mdomo, moja ni gesi ya ganda na nyingine ni alama ya kina kirefu. Kabla ya hapo namba kubwa zilijulikana Ethiopia tu, hasa kaskazini mashariki kwenye eneo la Afar, huko zinafika kama 19 au 20.

Ila sasa mimi na @nyundo_na_kokoto tutakosana kidogo. Usimuuzie mwenzio plumu moja kama kesi imefungwa. Mwaka 2000 kuna kazi ilifanyika kwa basalti za ufa wa Kenya, isotopu (aina za elementi moja zenye uzito tofauti) za strontiamu, neodimiamu na risasi, na wenyewe wakasema hapana, ziko mbili, moja ya Afar na nyingine ya Kenya, kwa sababu basalti za Kenya hazilingani na za Afar hata ukiondoa uchafu wa njiani, yaani kile magma inachookota ikipanda. Na heliamu ya Kenya katikati haikuwa kubwa, ilikuwa kama ya bahari au chini ya hapo. Afar iko juu, Rungwe iko juu, katikati imelala, sasa hiyo plumu moja inaruka Kenya?

nyundo_na_kokoto

Mama olivini hatukosani 😄 ila malizia basi hadithi, maana umeiacha pale panapokufaa wewe.

bibi_olivini

Haya namalizia. Heliamu inaharibika kirahisi. Magma ikipita kwenye sakafu iliyojaa uraniamu na thoriamu inaokota heliamu-4 njiani na uwiano unashuka, ni kama chai uliyoichemshia kwenye sufuria ya samaki, majani ni yale yale lakini huwezi kuyatambua. Kwa hiyo watu wakaongeza neoni, ambayo ina isotopu tatu na uchafu wake unaonekana tofauti na wa heliamu. Mwaka 2014 kuna timu iliyounganisha heliamu na neoni kwa ufa wote wakasema chanzo cha kina ni kimoja. Na 2023 wengine wakapima neoni kwenye gesi za visima vya jotoardhi vya Menengai, hapo hapo Nakuru, katikati ya ile Kenya "iliyolala", wakakuta alama ya koti la kina. Kwa hiyo Kenya haikurukwa, sauti yake ilimezwa na kelele za sakafu.

Mimi binafsi sasa hivi naegemea kimoja chini na vichipukizi kadhaa juu, kwa sababu mawimbi ya matetemeko nayo yanaonyesha eneo kubwa la mwamba wenye joto linaloanza karibu kilomita 2,900 chini ya kusini mwa Afrika na kuinama kuja kaskazini mashariki. Lakini kuna kitu hakinikai sawa. Ukikokotoa joto la koti kutokana na kemia ya lava, ziada kubwa ni kama nyuzi 140 juu ya kawaida, na hiyo si kubwa kihivyo kwa kitu kilichomwaga basalti za Ethiopia miaka milioni 30 iliyopita, laki kadhaa za kilomita za ujazo ndani ya kama miaka milioni moja tu. Nadhani kabonidioksaidi inasaidia kuyeyusha kuliko tunavyokubali. Wapo watakaonipiga mawe kwa hili, na mawe tunayo mengi.

mchumi_wa_mawe

Nimeelewa ya heliamu. Swali dogo la mwisho, huo "uchafu wa njiani" mnajuaje ni uchafu na si chanzo chenyewe? Maana naona ni rahisi namba isiyowapendeza kuiita uchafu.

nyundo_na_kokoto

Unatukaba koo lakini ni haki yako. Kuna vipimo vya kuchuja kabla hujafika kwenye isotopu. Seriamu na risasi zinasafiri pamoja kwenye magma, kwa basalti za visiwa vya baharini na za chini ya bahari uwiano wao ni kama 25 karibu kila mahali, wakati ganda la bara ni kama 4. Ukikuta basalti yako ina 12 unajua imekula ganda, unaiweka pembeni. Niobiamu kwa uraniamu vivyo hivyo, 47 kwa basalti za baharini, kwenye ganda inashuka mpaka chini ya 10. Tena unachagua lava yenye magneziamu nyingi, ambayo haikukaa muda mrefu kwenye chumba cha magma chini ya ardhi ikila kuta. Ndiyo maana hakuna anayetafuta plumu kwenye mawe ya Olkaria, yale ya kioo, yamekaa na kubadilika mno.

Kigumu ni sakafu ya bara, kwa sababu nayo ni koti, kipimo cha ganda hakiikamati vizuri. Hapo lawama yako inasimama.

dereva_wa_tsavo

Jamani asanteni, hii ya tui naichukua kama ilivyo, wiki ijayo nina kundi lingine. Swali moja, nikiokota kipande pale Shetani nikampa mtu wa maabara anaweza kunipimia hiyo heliamu?

bibi_olivini

Kwanza usiokote, pale ni ndani ya hifadhi na wewe una leseni ya kulinda. Pili hata ungepewa kibali, cha juu hakifai. Wanatafuta vichembe vya olivini, vile vya kijani kama chupa, wanavisaga ndani ya ombwe ili gesi iliyonaswa itoke. Jiwe lililokaa juani miaka mingi limepigwa na miale ya kutoka anga za mbali, ambayo inatengeneza heliamu-3 mpya ndani yake, ukipima unapata namba kubwa ya kushangaza unapiga kelele umepata plumu. Kwa hiyo wanachukua lililofunikwa, kwenye machimbo au ukuta wa barabara uliokatwa karibuni.

dereva_wa_tsavo

Kumbe hata jua linadanganya maabara.

bibi_olivini

Si jua, nimesema anga za mbali. Usije ukamwambia mgeni jua, yule mzee wa lenzi anaweza kurudi.