Msimu mzima wa NBA bila kufungwa: inawezekana, au tunajidanganya?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam kwenu. Jana jioni tumebishana kijiweni hadi kahawa ikapoa. Kijana mmoja anasema ipo siku timu ya NBA, ile ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, itacheza mechi zote 82 za msimu wa kawaida bila kupoteza hata moja, na kwamba sisi tunaokataa ni walewale waliodai rekodi ya Chicago Bulls haitaguswa. Bulls ya Michael Jordan ilimaliza msimu wa 1995-96 kwa ushindi 72 na vipigo 10. Miaka 20 baadaye Golden State Warriors wakafika 73-9. Kwa hiyo hoja yake ina miguu. Pale kijiweni nilizidiwa sauti, nimeona niilete hapa penye nafasi ya kumaliza sentensi.

Msimamo wangu: haiwezekani. Na siwadharau wachezaji hata kidogo.

Chukueni huohuo msimu wa Warriors, 2015-16. Walianza kwa kushinda mechi 24 mfululizo, mwanzo ambao hakuna timu ya NBA iliyowahi kuwa nao. Kocha wao Steve Kerr alikuwa nje akiuguza mgongo, timu ameachiwa msaidizi wake Luke Walton, na bado walikuwa wanashinda tu. Mimi nilikuwa naamka usiku wa manane kuwatazama. Tarehe 11 Desemba walikuwa Boston, mechi ikaenda nyongeza mbili, wakaponea 124-119. Siku iliyofuata wapo Milwaukee, mechi ya saba katika safari moja ya ugenini. Milwaukee Bucks msimu ule walikuwa timu ya kawaida kabisa, walimaliza 33-49. Lakini waliwakuta watu waliokwisha nguvu. Giannis Antetokounmpo, kijana wa miaka 21, akapata pointi 11, ribaundi 12 (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) na pasi za kufungisha 10. Ikaisha 108-95. Mashabiki wa pale walikuja wamevaa fulana zilizoandikwa 24-1 kabla hata mpira haujarushwa!

Hicho kipigo mtaniambia ni uchovu, sawa. Nendeni Machi 6, 2016. Warriors haohao wanaingia Los Angeles kucheza na Lakers, timu iliyomaliza msimu kwa ushindi 17 na vipigo 65. Wakapigwa 112-95. Katika mitupo 30 ya pointi tatu iliingia 4. Stephen Curry na Klay Thompson, wawili ambao kwa kutupa toka mbali hawakuwa na mfano, walijaribu mara 18 kwa pamoja wakapata 1.

Bulls nao, katika msimu wao wa 72, walifungwa 109-108 na Toronto Raptors. Raptors ile ilikuwa katika mwaka wake wa kwanza kabisa kwenye ligi na ilimaliza 21-61. Jordan alikuwa uwanjani.

Ndiyo maana nasema tunakosea tunapojiuliza ni timu gani kubwa itamzuia bingwa. Anajiandaa kwa ajili ya wakubwa. Kinachomwangusha ni Jumapili moja ya mwezi Machi, mbele ya timu isiyo na cha kupoteza, siku mpira umekataa kuingia. Na ratiba ya mechi 82 haiwezi kukosa siku ya namna hiyo.

Nawasilisha. Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, mbona mambo haya tumeyaona? Arsenal walimaliza ligi ya Uingereza 2003-04, mechi 38, hawajafungwa. Bayer Leverkusen Ujerumani 2023-24, mechi 34. Hapa kwetu Azam walichukua ubingwa wa 2013-14 bila kufungwa, na Yanga walikwenda mechi 49 za ligi hadi Ihefu walipowasimamisha kule Mbarali, Novemba 2022, 2-1. Kikapu kina nini cha ajabu?

Mleta mada

Kaka, kina kitu kimoja: hakuna sare. Arsenal ile ilishinda mechi 26 na kutoka sare 12. Leverkusen walishinda 28, sare 6. Sare ndizo zilizowabeba siku mbaya, unatoka na pointi moja na rekodi yako ikiwa salama. Katika kikapu mkilingana mnaongezewa dakika 5, mkilingana tena 5 nyingine, hadi mmoja alale. Arsenal wa 2003-04 kwa sheria za kikapu wangekuwa na mechi 12 za kuamuliwa kwa nyongeza. Nani anaamini wangeshinda zote 12?

Mwalimu wa hesabu, Nakuru

Ndugu zangu, acheni niweke tarakimu mezani, halafu kila mtu aamue.

Tuseme tuna timu yenye uhakika wa asilimia 95 wa kushinda kila mechi, nyumbani na ugenini, dhidi ya yeyote. Timu kama hiyo haijawahi kuwepo. Warriors wa 73-9 walikuwa asilimia 89. Ili ishinde mechi zote 82 unazidisha 0.95 kwa 0.95 mara 82. Jibu ni kama asilimia 1.5. Maana yake, ukiipa timu hiyo misimu 67, utarajie ifanikiwe katika mmoja. Ukitumia ile asilimia 89 ya Warriors, ni nafasi moja kati ya karibu 14,000.

Na ukitaka nafasi ya nusu kwa nusu, timu yako inatakiwa iwe na asilimia 99.2 kila usiku. Hapo hatuzungumzii tena timu bora kuliko nyingine. Tunazungumzia watu wazima wakicheza na watoto wa darasa la sita.

Nakiri hesabu hii inachukulia kila mechi inajitegemea, na wanadamu si sarafu inayorushwa. Timu iliyo kwenye mfululizo inapata moyo. Lakini mpinzani wake naye anapata hamu ya kuukata. Sioni sababu ya kuamini la kwanza lina nguvu kuliko la pili.

Kijana wa kijiweni

Nimeambiwa nasemwa huku, nimekuja kujitetea.

Wakubwa zangu, shikamooni. Hesabu ya mwalimu naiheshimu, ila inapima timu zilizopita. Mwaka 1971-72 Lakers ya Wilt Chamberlain na Jerry West ilishinda mechi 33 mfululizo, zama ambazo wachezaji walisafiri kwa ndege za abiria wa kawaida na wakikunja miguu yao kwenye viti vya watu wafupi. Leo timu zina ndege za kukodi, wapishi, wataalamu wa usingizi. Miami Heat walifika 27 mwaka 2013. Kwa nini mfululizo wa 33 usije kuwa 82? Na kwa nini mnadhani ratiba ya 82 ni msahafu? Ligi ikipunguza mechi, mtasemaje?

Halafu chuo cha UCLA chini ya kocha John Wooden kilishinda mechi 88 mfululizo kati ya 1971 na 1974. Themanini na nane! Ni zaidi ya msimu mzima wa NBA.

Mleta mada

Mdogo wangu, marahaba. Umekuja na silaha nzuri, nitakujibu moja moja.

Kupunguza mechi: ligi ilishapunguza. Mwaka 1999, baada ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, zilichezwa 50 tu. Timu bora zilikuwa Utah Jazz na San Antonio Spurs, kila moja 37-13. Mwaka 2011-12 zilichezwa 66, walioongoza walikuwa 50-16. Wanawake wa WNBA mwaka 1998 walikuwa na mechi 30, Houston Comets wenye Cynthia Cooper, Sheryl Swoopes na Tina Thompson wakashinda 27. Kwangu hiyo ndiyo timu iliyokaribia kuliko zote kwa wanaolipwa, na bado ilipoteza mara tatu.

UCLA: hapa ndipo pananigusa, kwa sababu jibu lipo katika maisha ya mtu mmoja. Kareem Abdul-Jabbar, wakati huo akiitwa Lew Alcindor, alicheza UCLA na mwaka 1967 walimaliza 30-0. Akaingia NBA, akacheza misimu 20, akachukua ubingwa mara 6 na tuzo ya mchezaji bora mara 6. Msimu wake mzuri kuliko yote kwa ushindi ulikuwa 66-16, akiwa Milwaukee, 1970-71. Mtu yuleyule, urefu uleule. Kilichobadilika ni waliokuwa mbele yake. Chuoni bora wote wanaweza kukimbilia shule moja. NBA imejengwa makusudi ili jambo hilo lisitokee: timu mbovu ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua chipukizi wa mwanzo, na anayelipa mishahara mikubwa kupita kiwango anafungwa mikono kwenye usajili. Boston Celtics walichukua ubingwa 2024, kiangazi cha 2025 wakalazimika kuwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis kwa sababu ya gharama.

Na zile 33 za Lakers, unajua nani alizikata? Milwaukee ya Kareem, Januari 9, 1972, 120-104. Mji uleule uliokuja kuwakata Warriors miaka 43 baadaye.

Mkufunzi wa timu ya sekondari, Mwanza

Mimi nasimama pembeni ya nyote. Mnauliza kama inawezekana. Swali langu ni kama kocha mwenye akili angeitaka.

Timu yangu ya wavulana iliwahi kushinda mechi zote za makundi kwenye mashindano ya mkoa, siku nne mfululizo. Nilikuwa nawachezesha walewale watano kwa sababu nilinogewa na kushinda. Nusu fainali kijana wangu mrefu hakuweza kuruka. Aliniangalia akiwa amekaa chini, akaniambia, "Mwalimu, magoti." Tulifungwa, na lile lilikuwa kosa langu, si la magoti yake. Toka siku hiyo nikiwa na uongozi mkubwa nawatoa, hata wakinuna.

Kule NBA Gregg Popovich wa Spurs alifanya hivyo waziwazi. Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginóbili, pamoja na Danny Green, kabla ya mechi ya Miami. Ligi ikaitoza timu faini ya dola 250,000. Alikubali kuhatarisha mechi moja ya Novemba ili awe na watu mwezi Juni, na Juni ile Spurs walikuwa fainalini.

Warriors wa 2016 waliamua kuikimbiza rekodi hadi mechi ya mwisho, Aprili 13. Wakaipata. Curry akaumia mguu katika raundi ya kwanza ya mtoano, halafu goti. Fainali waliongoza 3-1 dhidi ya Cleveland ya LeBron James wakafungwa 4-3. Sisemi rekodi ndiyo iliyomuumiza Curry, goti huumia hata kwa aliyepumzika. Ninachosema ni kwamba kombe linatolewa Juni, na kila dakika uliyomchosha mtu Machi unadaiwa Juni. Kocha wa 82-0 angelazimika kumchezesha mgonjwa kwa ajili ya namba. Mimi kocha huyo nisingempa mwanangu.

Kijana wa kijiweni

Kocha, hapo umenishika. Ila Bulls walipata vyote viwili, 72 na kombe.

Mkufunzi, Mwanza

Kweli. Nao walikubali vipigo 10.

Mchangiaji, Lubumbashi

Bandugu, mmetaja wengi mmemsahau wa kwetu. Nami niko upande wa mleta mada, na ushahidi wangu ni Dikembe Mutombo, marehemu tangu Septemba 2024.

Mwaka 1994 Seattle SuperSonics walikuwa wa kwanza katika ligi nzima, 63-19. Denver Nuggets ya Mutombo iliingia mtoano nafasi ya nane, 42-40. Seattle wakaongoza 2-0, ilibaki mechi moja tu. Denver wakashinda tatu zilizofuata, ya mwisho ugenini na kwa nyongeza, 98-94. Timu ya nane haikuwa imewahi kuitoa ya kwanza. Mutombo aliuzuia mpira mara 31 katika mechi tano.

Miaka saba baadaye yuko Philadelphia. Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant imefika fainali bila kupoteza mechi hata moja ya mtoano, 11-0, na watu wanasema itamaliza hivyohivyo. Mechi ya kwanza, palepale Los Angeles, Allen Iverson akafunga pointi 48, Mutombo akapambana na Shaq chini ya kikapu usiku kucha, Philadelphia wakashinda 107-101 kwa nyongeza. Lakers walichukua nne zilizofuata na ubingwa wao, 15-1. Lakini ile moja haikufutika.

Mnakumbuka ile picha ya Denver? Filimbi ya mwisho imelia, yeye amelala chali sakafuni, ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, anacheka na hataki kuuachia.