Naomba ushauri: kuacha kununua chakula kwa kilo kila jioni

Ndugu zangu, naishi Mbeya mjini na familia ya watu sita, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua mchele na maharage kidogo kidogo katika duka la jirani, hadi nilipoandika matumizi ya mwezi mmoja kwenye daftari nikashtuka. Sasa nakusudia kwenda soko la Mwanjelwa mara moja kwa mwezi nikiwa na orodha (na nikiwa nimeshiba, maana mwenye njaa hununua hata asichohitaji), na maharage niyanunue kwa debe wakati wa mavuno. Hofu yangu ni wadudu. Kwa mliowahi kuhifadhi, je, mifuko isiyopitisha hewa inatosha bila dawa? Na viazi, ninunue gunia zima, au nigawane na jirani kabla havijachipua?