Wajukuu Muheza – Likizo 🍊

Jumapili

Dada Mwanaidi 06:12
Asalaam aleikum familia. Naomba tusome mpaka mwisho, sio dole gumba tu. Hii ndo wiki ya mwisho ya likizo na watoto wote tisa wako kwa mama. Kesho na keshokutwa machungwa. Jumatano Fuso la mnunuzi. Alhamisi hitima ya baba. Ijumaa kufua na kusuka nywele. Jumamosi safari. Jumatatu shule. Kila nyumba elfu 30, tuma kwa Tatu.

Dada Mwanaidi 06:13
NA YA KUTOLEA. Anayehusika anajijua.

Salimu Maskati 06:40
👍

Dada Mwanaidi 06:41
Salimu nimesema nini?

Salimu Maskati 06:41
👍👍

Tatu 08:37
Waaleikum salaam. Sio tisa, ni kumi na mmoja. Watoto wawili wa jirani wanakula hapa toka Ijumaa na mama kasema wasifukuzwe. Unga umebaki wa leo mchana. Umeme wa LUKU umebaki uniti 4.

Dada Mwanaidi 08:39
Uniti 4?? Si nilinunua ya elfu 20 Jumatano?

Tatu 08:45
Katuni zinaanza alfajiri dada. Na Zuhura wako anapiga pasi mpaka kanga ya kulalia.

Jumaa 09:20
Huyo kamrithi mama yake 😂😂 mnakumbuka soksi?

Dada Mwanaidi 09:21
Jumaa wewe elfu 30 yako iko wapi

Tatu 11:02
Iddi kaanguka mfenesini. Mkono umevimba.

Salimu Maskati 11:04
Ule wa nyuma ya choo?

Tatu 11:04
Ule ule.

Salimu Maskati 11:05
Mti ule unatujua kwa majina. Baba yake kaanguka, mie nikaanguka, sasa zamu ya mtoto 😂

Jumaa 11:06
Fenesi lilikuwa limeiva?

Tatu 11:07
Limeiva.

Jumaa 11:07
Basi sio hasara tupu

Dada Mwanaidi 11:09
ACHENI. Rajabu! Kadi ya bima ya mtoto iko wapi? Rajabu tiki za bluu naziona.

Tatu 11:15
Nimempata bodaboda. Kadi jamani.

Wifi Hadija 11:41
Yarabi ndo naona, niko kazini. Kadi iko kwenye begi lake la madaftari. Nilikwambia Tatu siku ile.

Tatu 11:43
Hukuniambia wifi. Uliniambia ya dawa ya kifua.

Tatu 11:50
Zuhura kaiona. Ilikuwa ndani ya daftari la hisabati. Halijafunguliwa toka shule zifungwe.

Tatu 15:24
Tumerudi. Wamempiga picha, mfupa mzima, kiwiko kimeteguka. Kafungwa bendeji. Sasa hivi anakula fenesi kwa mkono wa kushoto, mama anamgombeza kwa kulia mkono huo.

Dada Mwanaidi 15:25
Alhamdulillah. Haya turudi kwenye michango.

Rajabu 16:58
Nilikuwa barabarani. Poleni. Kwani mtoto alipandaje mti? Nani alikuwa anawaangalia?

Tatu 17:20
Mimi. Nilikuwa nawaangalia wao kumi na mmoja, na mama, na mbuzi, na chungu cha maharage.

Rajabu 17:21
Sijasema kwa ubaya.

Tatu 17:22
Hujawahi kusema kwa ubaya. Hata ya bati hukusema kwa ubaya.

Salimu Maskati 17:22
Bati tena 🙈

Rajabu 17:26
Bati nilitoa. Risiti nilimpa mzee mkononi.

Tatu 17:27
Umechagua shahidi mzuri.

Wifi Hadija 17:29
*Ujumbe huu umefutwa*

Dada Mwanaidi 17:30
Wifi umefuta nini?

Wifi Hadija 17:33
Nilikosea kikundi dada.

Jumatatu

Dada Mwanaidi 07:00
Waliotoa mpaka sasa: Mwanaidi ✅ Salimu ✅ (kupitia kwa rafiki yake wa Kariakoo). Wengine nasubiri. Rajabu?

Jumaa 12:10
Mwisho wa mwezi dada. Nakuheshimu sana.

Dada Mwanaidi 12:11
Watoto wanakula leo, Jumaa, sio mwisho wa mwezi.

Mwanaisha 21:47
Samahani ndo naona. Iddi anaendeleaje? Na Swalehe wangu anasoma? Mwaka huu ana upimaji wa darasa la nne, walimu walitoa makaratasi ya kufanya likizo.

Tatu 21:55
Iddi hajambo. Swalehe anahesabu machungwa. Leo 1,460, kayapanga mamia mamia chini ya mwembe. Mama kahesabu tena nyuma yake, hajakosea hata moja.

Mwanaisha 21:56
Lakini makaratasi?

Jumaa 22:03
Dada mtoto kashafaulu huyo 😂 mpeni cheo sokoni

Jumanne

Dada Mwanaidi 09:15
Suala la Jumamosi. Mabasi ya kurudi Dar yatajaa, kila mtu anarudisha watoto. Nimeshika viti sita. Watoto tisa, wadogo watapakatwa. Swali: nani anawafuata? Mie nilienda kuwachukua mwaka jana na mwaka juzi.

Dada Mwanaidi 10:30
?

Dada Mwanaidi 12:48
Nyie watu

Salimu Maskati 13:02
Mie ningekuja lakini mwendokasi haijafika Maskati

Tatu 20:14
Shikamooni. Ni Zuhura naandika kwa simu ya mama mdogo. Bibi anasema niandike kama anavyosema nisipunguze.

Tatu 20:16
Anasema kasomewa yote toka Jumapili. Hajaomba hela ya mtu.

Tatu 20:18
Anasema bati ziko juu na mvua hainyeshi ndani. Anayetaka kuzihesabu aje azihesabu, mfenesi upo wa kukanyagia.

Tatu 20:21
Anasema hitima ya mwaka jana zilikuja bahasha nne na mtu mmoja. Mwaka huu bahasha asitumiwe Tatu. Aletewe yeye mkononi, na mwenye bahasha akae mkekani ale pilau.

Tatu 20:22
Anasema watoto hawajamshinda. Nimemuuliza kama kuna lingine kasema hakuna. Shikamooni.

Rajabu 22:31
Mwambie mama nimesikia.

Jumatano

Dada Mwanaidi 05:50
Marahaba Zuhura. Haya, mie naondoka Mbezi kesho basi la kwanza. Wangapi tunaenda? Kama tunaenda watu wazima wanne tutarudi na watoto wenyewe, ila viti sita havitoshi. Naomba majibu KABLA ya saa nne, wakala hanisubiri.

Mwanaisha 08:12
Mie nitaomba ruhusa. Nikipewa.

Jumaa 08:30
Kazini pagumu, lakini usiku naweza kuunga. Dada niazime nauli 🙏

Salimu Maskati 08:33
Nipigieni video wakati wa kisomo. Mama nitampigia mwenyewe leo.

Rajabu 13:40
Nakuja na gari nikitoka Morogoro, nipite Chalinze mapema. Naweza kuchukua watoto wanne wakati wa kurudi. Labda nifike leo usiku.

Dada Mwanaidi 13:41
Labda??

Dada Mwanaidi 13:42
Rajabu viti vinne vya uhakika au niongeze vya basi?

Tatu 16:05
Fuso limekuja limeondoka. Mnunuzi alitaka kukadiria kwa macho, Swalehe kamwambia ni 2,915. Kalipa ya 2,915. Mchele wa pilau umeshachambuliwa, Iddi anachambua vitunguu saumu kwa mkono mmoja.

Jumaa 16:10
Nani anaazima nauli nimuombe vizuri

Mwanaisha 19:31
Samahani ndo naona. Hitima saa ngapi?

Dada Mwanaidi 19:32
Baada ya adhuhuri. Ruhusa umepata?

Tatu 19:46
LUKU imekata. Simu asilimia 6. Kaka Rajabu, nikutandikie au nisitandike?