Tupeane uzoefu: sarafu zetu zibadilishwe sura au ziachwe zilivyo?

Kibubu Kizito (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja, kwa hiyo sarafu nazishika kutwa nzima. Noti zimebadilika sura mara kadhaa tangu nianze biashara, lakini sarafu ni zile zile: hamsini ya Mzee Mwinyi na kifaru mwenye mtoto, mia ya Mwalimu na swala, mia mbili ya Mzee Karume na simba. Ngeni kidogo ni jero (mia tano) ya chuma yenye nyati, nayo ilitoka 2014. Wateja wengine wananiambia zimechosha, ziwekwe treni ya SGR, ziwekwe wanamichezo, ziwekwe wanawake. Wengine ukigusa tu picha ya Mwalimu wanataka kukupiga.

Sitaki ubishi wa "mimi naona". Kila mtu aje na lililomkuta. Sarafu ilipobadilika, au ilipogoma kubadilika, wewe ilikugusa wapi? Karibuni.

Konda Mstaafu

Hapa mmenileta nyumbani. Nimepiga debe na kukata nauli Mbagala–Kariakoo miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Mkono wa konda una mpangilio wake. Noti unazikunja kwa urefu, unazichomeka katikati ya vidole vya kushoto, buku (elfu moja) kwake na elfu mbili kwake. Chenji inakaa kiganja cha kulia, mia mbili chini, mia juu, na hapo hapo unazitikisa ziite nauli. Abiria akisikia ule mlio hata kama amejifanya amelala anaanza kupapasa pochi. Huangalii sarafu hata siku moja. Macho yako mlangoni, kwa trafiki na kwa mwanafunzi anayetaka kudandia.

Sasa jero ya chuma ilipoingia, kiganja kikavurugika. Ile noti ya mia tano ilikuwa imechoka, inanuka samaki, imeunganishwa kwa gundi, na Benki Kuu walisema wazi kwamba inazunguka sana na kuchakaa upesi, ndiyo maana wakaleta chuma. Sawa. Lakini mwanzoni usiku, taa ya ndani imekufa, mkono ulikuwa haujaijua. Unatoa jero ukidhani mia mbili, abiria anashuka kimya kimya, hakuombei hata dua. Hesabu ya tajiri jioni haijui habari za nyati.

Ilinichukua muda ndipo kidole gumba kikazoea upana wake. Baada ya hapo sikutaka tena kuisikia ile ya karatasi. Kwa hiyo jibu langu: nilichukia mabadiliko, kisha nikayapenda, ila gharama ya kujifunza niliilipa mimi.

Fundi Cherehani

Mifuko ya suruali za makonda imenilisha vizuri tangu jero ya chuma ije. Ziongezwe uzito.

Konda Mstaafu

@Fundi Cherehani kumbe ni nyie mlikuwa mnaziombea!

Mzee wa Sungura

Vijana mnaongelea jero, sisi tumeanza na senti. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipoanzishwa ndipo tukapata sarafu zetu wenyewe, tukaachana na zile za Afrika Mashariki za mkoloni. Upande mmoja Mwalimu akiwa bado kijana. Upande wa pili senti tano ina samaki, senti ishirini ina mbuni, senti hamsini ina sungura, na shilingi ina mkono umeshika mwenge. Senti kumi ya pundamilia ikaja baadaye, ile yenye kingo za mawimbi.

Kwetu Dodoma vijijini hatukuwa na vitabu vya picha. Mchezo wetu ulikuwa huu: unaweka sarafu chini ya karatasi ya daftari, unaibana kwa kidole isiteleze, kisha unasugua penseli juu yake taratibu kwa ubavu wa risasi. Kwanza inatoka duara, halafu masikio, halafu sungura mzima anajitokeza kama anatoka shimoni. Aliyekuwa na senti ishirini alikuwa mfalme, kwa sababu mbuni alitoka vizuri zaidi, miguu yote miwili inaonekana. Baba alikuwa akinitafuta kwa fimbo maana sarafu ni ya chumvi na mimi nimeigeuza muhuri.

Wajukuu zangu leo hawajui hamsini ina mnyama gani. Wanajua inanunua nini, yaani hakuna. Msimamo wangu: nyuso badilisheni mkitaka, wanyama waachwe.

Mwana Likoni

Nasalimu kutoka Mombasa. Sisi wenzenu tulishavuka daraja hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilisema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu binafsi yeyote. Ikapita miaka minane ndio sarafu mpya zikatoka, Disemba 2018: shilingi moja twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Upande wa pili ni nembo ya taifa.

Kabla ya hapo sarafu zilikuwa zinafuata siasa. Mzee Jomo, halafu Moi, halafu Jomo akarudi, na Kibaki akapata yake ya shilingi arobaini mwaka 2003, miaka arobaini ya uhuru. Mamangu alikuwa akiuza viazi karai karibu na feri, na alikuwa na wateja wa kila rais. Kuna mzee mmoja alikuwa hataki chenji yenye kichwa cha Moi, anakurudishia kabisa, "nipe nyingine." Mamangu humwambia, "Baba, huyu na yule wote wananunua unga." Simba alipokuja, ugomvi huo ukaisha. Yule mzee sasa analalamika bei ya viazi tu.

Lakini msidhani mabishano yaliisha. Noti mpya za 2019 zikawekwa jengo la mikutano la KICC la Nairobi, na pale pana sanamu ya Mzee Jomo. Watu wakakimbilia mahakamani wakisema huyo ni mtu binafsi kaingia kwa mlango wa nyuma. Mahakama ikaitupa kesi.

Jambo ambalo lilitusaidia: sarafu za zamani hazikupigwa marufuku. Ilikuwa ni noti ya zamani ya elfu moja ndiyo iliyopewa siku za kufa. Ashu (shilingi kumi) ya Jomo na ashu ya simba zinakaa pamoja mkobani mpaka leo na hakuna anayeuliza. Hivyo ndivyo kubadilisha kunavyotakiwa.

Macho Vidoleni

Mimi sioni, tangu utotoni. Nasoma uzi huu kwa programu inayonisomea skrini, kwa hiyo mkikosea herufi naisikia.

Nyote mmeongea picha. Kwangu mimi picha ni mkwaruzo tu. Hamsini naijua kwa pembe zake saba, hata ikiwa mfukoni na funguo. Nikiigusa mara moja sihitaji kuuliza. Mia ni duara, jero ni pana kuliko zote. Nimekaa nazo muda mrefu, mikono yangu imezikariri. Muuzaji mmoja aliwahi kunirudishia washa ya chuma badala ya mia, akijua sioni. Niliikataa kabla hajafunga droo, maana ilikuwa laini juu, haina mtu wala swala, na katikati ina tundu. Alicheka akasema ni bahati mbaya. Haya.

Nilipokwenda Nairobi kwa mafunzo nilisumbuka. Kule shilingi tano ni ndogo kuliko shilingi moja. Kwa mwenye macho si tatizo, kwangu ilikuwa ni kugawa sadaka bila nia. Baada ya wiki kadhaa vidole vikaelewa.

Kwa hiyo wekeni treni, wekeni mwanariadha, wekeni hata mama ntilie. Ila anayekaa mezani kuchora sarafu mpya aniachie ukubwa, unene na kingo. Mkibadilisha vile, mmenirudisha darasa la kwanza.

Kibubu Kizito

@Macho Vidoleni na noti unazitofautishaje?

Macho Vidoleni

Kwa urefu, nikipima na vidole. Noti mpya ikiwa imenyooka ni rahisi, ikishachakaa naomba Mungu. Ndiyo maana nilishangilia jero ya karatasi ilipokwenda. Na mwanzoni mwa 2025 walipoziita zile za zamani zirudishwe benki, ya mia tano ya 2010 ikiwemo, mimi sikuwa na hata moja ya kurudisha.

Mtu wa Mkunazini

Asalaam alaykum. Unguja tumekuwa na fedha za kila namna, kwa hiyo hili la sura kwetu si jipya. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijria, zina mizani upande mmoja. Bibi yetu alikuwa nazo kwenye kikasha cha dawa, na moja ilitobolewa ikavishwa mtoto shingoni.

Lakini iliyokuwa inatunzwa hasa ni reale. Ile ya fedha, kubwa, ina mwanamke mnene wa Kizungu. Ni Maria Theresa wa Austria. Amefariki 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa miaka zaidi ya mia na hamsini baadaye, ikiandikwa 1780 ile ile! Ikapigwa hata London na Bombay. Sababu ni wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu: ukiwaletea yenye sura nyingine wanaisukuma. Walikuwa wakitazama mpaka lulu kwenye kifungo cha bega lake ndio wapokee.

Bibi alipokosa ada ya harusi ya mama mdogo, alitoa reale kikashani akaenda nazo kwa sonara wa Kihindi. Sonara hakuuliza mfalme gani anatawala wala mwaka gani. Aliigonga juu ya marumaru, akasikiliza, akapima, akatoa fedha. Mnaosema sarafu isipobadilika imezeeka, muulizeni huyo mama wa 1780.

Mtoto wa Tabora

Mkitaja za zamani, Tabora tulikuwa na kiwanda cha dhahabu jamani. Mwaka 1916, Wajerumani wamezingirwa na vita, meli hazifiki, wakapiga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli hapa hapa. Rupia kumi na tano, dhahabu, tembo amesimama na mlima nyuma yake.

Kilichonikuta mimi ni hiki: kila baada ya muda hutokea mtu mtaani na "dhahabu ya Mjerumani" aliyoichimba chini ya mwembe. Mjomba aliuza ng'ombe. Tembo ilikuwa ya shaba, imepakwa rangi, mkonga umeinama upande usio wake. Ng'ombe hakurudi.

Kama ni kubadilisha, namwombea yule tembo arudi. Wa kweli.

Bi Mkubwa London

Wapendwa, huku tumebadilishiwa mpaka tumechoka. Paundi ya duara ilighushiwa sana, wenyewe walikadiria moja kati ya thelathini ni feki. Mwaka 2017 wakaleta yenye pembe kumi na mbili, na ya duara ikafa Oktoba mwaka huo huo. Nilikuwa nafanya usafi kwenye jengo la ofisi. Mashine ya kufulia ya mtaani kwetu ikagoma kupokea mpya, toroli za dukani zikagoma, makabati ya bwawa la kuogelea yakagoma. Mtu ana pesa mkononi na hawezi kufua.

Alipokuja Mfalme Charles, 2023, wakabadilisha picha tu: samaki salmoni, kindi mwekundu, nyuki kwenye paundi, na namba kubwa kubwa ili watoto wasome. Mfalme anatazama kushoto, mama yake alikuwa anatazama kulia. Mashine haikujua tofauti. Mimi mwenyewe nilikutana na nyuki kwenye chenji baada ya muda mrefu tu, maana huku sasa watu wanagusa kadi.

Nimesoma alichoandika @Macho Vidoleni nikaona ndicho nilichokuwa natafuta. Kubadilisha mwili wa sarafu kuwe na sababu nzito kama wizi. Picha ni jambo jingine.

Boda wa Mutukula

Mimi navuka mpaka kila siku, mfuko mmoja wa Uganda, mmoja wa Tanzania. Za Uganda hazina sura ya mtu: mia ina ng'ombe wa Ankole, mia mbili ina samaki, mia tano ina korongo wao mwenye taji. Sijawahi kusikia watu wakigombana kwa sababu ya samaki. Ila wazee wa huku Missenyi wanasema mia ya Tanzania ina heshima zaidi kwa sababu ya Mwalimu. Yule ndiye aliyeongoza nchi wakati wa vita vya Kagera, hawataki kusikia habari ya kumtoa. Ukiwaambia ni sarafu tu, wanakuuliza wewe ulikuwa wapi 1978.

Hesabu za Shule

Samahani, mnajadili nguo za maiti. Hamsini nani anaipokea? Nikienda duka moja kubwa la mjini chenji yangu ya hamsini napewa pipi, sijaomba. Mkaweka simba, mkaweka malaika, pipi itabaki pipi.

Kibubu Kizito

@Hesabu za Shule mimi hamsini napokea, na chumvi ya kupima bado nauza. Tatizo hazifiki dukani. Kila mtu anazo kwenye kopo juu ya kabati. Chenji tunainunua stendi, unatoa noti unarudishiwa pungufu.

Mwana Likoni

Swali langu kwa Watanzania: mkimtoa Mwalimu, Mzee Karume na Mzee Mwinyi, mtaongeza wengine au mtaacha wanyama peke yao kama sisi? Mkisema "tuongeze", kesho kila kabila na kila chama kina mtu wake.

Mzee wa Sungura

Ndiyo maana nikasema sungura. Hana chama.

Konda Mstaafu

@Kibubu Kizito nina makopo mawili ya hamsini na mia nyumbani, yamejaa, nilihifadhi tangu nikiwa kazini. Kama dukani unakata pungufu kidogo kuliko wale wa stendi, nitumie ujumbe wa siri tuone. Nitakuja na mtu wa kubeba.