Timu ya Kongo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi: tuanze na bobslei au na ski?

Mkufunzi_Lushi
Jambo ndugu na dada. Hapa Lubumbashi tuko na wakimbiaji kumi na wawili: watano wa mita 100 na 200, wengine wote wa mbio ndefu. Kongo yetu haijawahi kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, wakati Kenya ilishaingia Nagano mwaka 1998. Kati ya bobslei, yaani chombo kinachoteleza kwenye njia ya barafu, na ski za mwendo mrefu, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kwenye theluji, njia gani inawezekana kweli kwa watu wasio na theluji? Na kazi ya kwanza ni ipi? Naomba majibu yenye hesabu.

Bahati_Bukavu
Mkufunzi, wale watano wa mbio fupi ndio watakaokuvuta kwenye bobslei, na ni kweli wanafaa kusukuma. Chombo cha watu wawili upande wa wanaume hakipaswi kupungua kilo 170, na pamoja na watu wake kisizidi kilo 390. Kinasukumwa karibu mita 50, kisha wote wanaruka ndani. Hapo mwanariadha wa mita 100 ana faida kubwa. Wanigeria walianzia kwenye chombo cha mbao alichojitengenezea dereva wao Seun Adigun huko Houston, na wakafika PyeongChang 2018, timu ya kwanza ya bobslei ya Afrika kwenye Olimpiki.

Ila msukumaji unampata kwa miezi, dereva unamtengeneza kwa miaka. Dereva hajifunzi kwenye lami. Anahitaji njia halisi ya barafu, tena si moja: Wanigeria walikimbia Park City, Whistler na Calgary ndipo wakafuzu. Kila mteremko unalipiwa, chombo kinasafirishwa kwa ndege au lori, na vyuma vya chini vinapimwa joto kabla ya kuondoka. Vikizidi nyuzi 4 juu ya chuma cha kulinganishia kilichoachwa hewani, mnaondolewa. Hata jua likivipiga kwa uzembe, mbio zimekwisha kabla hazijaanza.

Kwa fedha za kikundi, mimi ningeanza na ski.

Mama_Zawadi_Goma
Nakubaliana na Bahati. Sasa hesabu, maana timu nyingi ndogo zinakwama hapa kuliko kwenye mapafu.

Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, linatoa pointi kila mbio, na pointi chache ndizo nzuri. Kwa PyeongChang 2018 na Beijing 2022, nchi ndogo ilipata nafasi ya msingi ikiwa mwanamichezo wake ana wastani usiozidi 300 katika mbio za masafa, kwa matokeo matano. Kanuni hupitiwa upya kila Olimpiki, kwa hiyo chukueni waraka wa michezo mnayoilenga.

Hesabu yenyewe: gawa muda wako kwa muda wa mshindi, toa 1, zidisha kwa 800, halafu ongeza adhabu ya mbio. Adhabu hiyo ni ndogo pale waliokimbia ni wakali, na kubwa pale ni dhaifu. Mshindi akitumia dakika 28 na wewe 36, unapata kama 229. Adhabu ikiwa 60 unafika 289, umepita. Adhabu ikiwa 90, umekosa kwa miguu ileile na muda uleule.

Shikeni na hili: 800 ni ya mbio ambazo kila mtu anaondoka peke yake kwa zamu. Wote wakiondoka pamoja, kizidisho ni 1400, na zile dakika 36 zinakuwa pointi 400 kabla ya adhabu. Kocha asiyejua hili anamchosha kijana msimu mzima kwenye mbio zisizomsaidia.

Na msidharau kiwango. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji hodari wa mita 800, alifanya mazoezi Finland, akamaliza kilomita 10 za Nagano kwa 47:25.5, wa 92 na wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa 27:24.5 na akamngoja mstarini amkumbatie. Tunapenda picha hiyo, lakini pigeni hesabu: ni karibu 584. Kwa kiwango cha 300 asingeingia.

Mkufunzi_Lushi
Asante sana mama. Basi ni ski. Tunaweza kuanza hapa hapa bila theluji? Na wengine wananiuliza kuhusu Rwenzori.

Fundi_Likasi
Rwenzori iacheni. Theluji iko juu kabisa, karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109. Ni siku kadhaa za kupanda, barafu ina nyufa na inazidi kupungua. Ski za mwendo mrefu zinahitaji njia iliyolainishwa kwa mashine.

Lubumbashi mko na kitu bora zaidi: lami ya tambarare. Nunueni ski za magurudumu. Za mtindo wa kuteleza kwa pembeni ni fupi, gurudumu jembamba la milimita 100 hivi. Za mtindo wa kawaida, ambao ski zinakwenda sambamba, ni ndefu, gurudumu pana, na moja lina kizuizi ndani lisirudi nyuma unapojisukuma. Mpira wa watengenezaji wengi huwa na namba: 1 unakimbia sana, 4 ni mzito. Chukueni 2 au 3, mwendo wake unakaribia theluji.

Mtakayokutana nayo:

Nyingi hazina breki. Msiende barabara ya Kasumbalesa yenye malori ya shaba, wala mteremko wowote ambao chini yake hakuna sehemu ndefu ya kupunguza mwendo. Kofia ngumu, miwani na glovu kila siku.

Ncha ya fimbo ya theluji inateleza kwenye lami. Fungeni ncha za kabidi, ambayo ni ngumu sana, na zinoeni kwa tupa ya almasi mara tu mnaposikia fimbo inakwaruza badala ya kugonga. Ncha butu inarudisha mshtuko kwenye kiwiko, na kiwiko kikishaanza kuuma, wiki tatu zimepotea.

Vumbi la kiangazi linakula beringi. Zungusheni gurudumu kwa kidole: likisaga kama mchanga, badilisheni. Geuzeni magurudumu pia, upande wa ndani unaisha kwanza.

Urefu wa fimbo kwenye mbio za mtindo wa kawaida usizidi asilimia 83 ya urefu wa mtu akiwa amevaa viatu. Mwenye sentimita 175 na viatu, fimbo yake mwisho ni 145.

Mama_Zawadi_Goma
Naongezea kuhusu ski za theluji za mitumba, maana ndizo mtakazopewa. Zinachaguliwa kwa uzito wa mtu, si urefu tu. Kwa ski za mtindo wa kawaida, wekeni zote mbili sakafuni palipo sawa, mtu asimame, kisha pitisheni karatasi chini ya mguu. Akigawa uzito sawasawa, karatasi itembee. Akihamia mguu mmoja, karatasi ibanwe. Isipobanwa, ski ni ngumu kwake: nta ya kushikia haitagusa theluji, na atarudi nyuma kila kilima hata awe na pumzi ya simba.

Na zisuguliwe nta yote ya zamani. Tangu msimu wa 2023/24 nta yenye kemikali ya florini imepigwa marufuku kwenye mbio za FIS na ski zinapimwa. Mabaki ya mwenye ski wa kwanza yanamwondoa kijana wenu.

Bahati_Bukavu
Mkufunzi, karatasi za ofisini zitangulie ununuzi. Shirikisho la taifa la ski linapaswa kuwepo na kukubaliwa na FIS, kwa sababu ndilo linalomwombea mwanamichezo namba yake. Pasipo namba, hata akikimbia vizuri pointi haziandikwi. Kwenye Olimpiki yenyewe anayeandikisha ni kamati ya Olimpiki ya nchi tu, kwa hiyo waandikieni mapema.

Kuna njia ya kupunguza gharama: Pita Taufatofua wa Tonga alikusanya pointi kadhaa kwenye mbio za magurudumu Colombia, kisha akamalizia kwenye theluji ya Ísafjörður, Iceland, Januari 2018, siku za mwisho kabisa. Msingoje mpaka hapo. Wapelekeni wawili kwanza, mvulana na msichana, kwa kuwa nafasi ya msingi ni moja kwa kila jinsia.

Mkufunzi_Lushi
Nimeandika yote. Jumamosi tunapima urefu na uzito wa wote saba wa mbio ndefu, na barua ya shirikisho naianza leo usiku. Fundi, nitakuuliza kuhusu beringi zitakazopatikana Lushi.

Fundi_Likasi
Niletee namba iliyochongwa pembeni ya beringi yenyewe, pamoja na kipenyo cha ekseli. Usiniletee jina la ski, halitanisaidia dukani.